Desilu ilipataje haki za vipindi vyake, na kwa nini iliziuza?

SWALI: Mimi na mume wangu tunatengeneza tamthilia ya vichekesho hapa Dar es Salaam. Kituo kimoja cha televisheni kimetupa njia mbili: kitulipe gharama zote na kuichukua kazi jumla, au kitulipe pungufu na haki zibaki kwetu. Mwalimu wetu wa filamu hututajia Desilu, kampuni ya Lucille Ball na Desi Arnaz wa Marekani, kuwa ni mfano wa wasanii waliokataa kuuza kazi yao. Lakini nimesoma kwamba Desilu yenyewe iliishia kuuzwa. Walizipataje hizo haki, na kama zilikuwa na faida hivyo, kwa nini waliziuza?

JIBU: Mwalimu wenu amewapa nusu ya habari, na nusu aliyoiacha ndiyo inayowahusu zaidi. Desilu ilikataa kuuza mwaka 1951. Ilipofika 1956–57 ikauza kile kile ilichokikatalia. Mwaka 1967 kampuni nzima ikauzwa. Maamuzi hayo matatu yanashikana: la kwanza liliwapa utajiri, la pili likawapa majengo, na majengo ndiyo yaliyowafikisha kwenye la tatu.

Tuanze na mwaka 1950, Desilu ilipoundwa. Lucille Ball alikuwa nyota wa kipindi cha redio kilichoitwa My Favorite Husband, cha CBS, mtandao wa redio na televisheni wa Marekani, na CBS ilitaka akihamishie kwenye televisheni. Yeye alitaka mume kwenye kipindi awe mume wake wa kweli, Desi Arnaz, mwanamuziki mzaliwa wa Cuba. CBS ikasita, ikidai watazamaji hawatamkubali Mcuba mwenye lafudhi nzito kuwa mume wa Mmarekani. Wawili hao wakazunguka majukwaani wakiigiza pamoja mbele ya watu, na umma ukawapokea. Mwanzoni, basi, Desilu haikuwa na studio wala kamera. Ilikuwa jina kwenye karatasi, la kuandalia maonyesho na kusainia mikataba.

Mwezi Machi 1951 wakarekodi kipindi cha majaribio cha I Love Lucy. Mzalishaji mkuu, Jess Oppenheimer, aliandika wazo la kipindi kwenye ukurasa mmoja na kulisajili kwenye chama cha waandishi wa filamu kwa ada ya dola 1, naye akapewa asilimia 20 ya kipindi. Mgao wa mwandishi ulijulikana kabla haijajulikana kama kutakuwa na cha kugawana, jambo ambalo wengi wetu hulikumbuka baada ya pesa kuingia, ugomvi ukiwa umeshaanza.

Dola 1,000 kwa wiki

Mdhamini aliyepatikana alikuwa kampuni ya sigara ya Philip Morris, na hapo likazuka tatizo la kiufundi ambalo ndilo lililoitajirisha Desilu. Siku zile vipindi vingi vya Marekani vilirushwa moja kwa moja kutoka New York, na watazamaji wengi walikuwa upande wa mashariki. Njia ya kuunganisha pwani mbili za nchi kwa matangazo ilifunguliwa Septemba 1951 tu. Kabla ya hapo kipindi kilichorushwa Hollywood kilifika mashariki kwa kineskopu, yaani kamera ya filamu inaelekezwa kwenye kioo cha televisheni na kupiga kile kinachoonekana. Picha ilitoka na ukungu, na weupe wake umeungua. Mdhamini hakukubali soko lake kubwa lipewe picha chafu. Akataka wahamie New York.

Lucille alikuwa mjamzito, na wote wawili hawakutaka kuhama. Wakapendekeza kipindi kipigwe kwa filamu halisi ya milimita 35, Hollywood, mbele ya watazamaji, kisha nakala zipelekwe kote zikiwa na ubora uleule. Njia hiyo iliongeza gharama ya kila sehemu kwa takriban dola 5,000. CBS na mdhamini wakachangia sehemu kubwa ya nyongeza, kisha wakawataka wawili hao nao wakatwe dola 1,000 kwa wiki katika malipo yao. Arnaz akakubali kwa sharti moja: Desilu imiliki filamu hizo kwa asilimia 100. Kabla ya hapo mazungumzo yalikuwa ya nusu kwa nusu.

CBS ikaridhia bila mvutano, na haikuwa ujinga. Mwaka 1951 kipindi kilichokwisha kurushwa kilionekana hakina thamani tena, kama gazeti la jana. Hakukuwa na soko la marudio linalojulikana, kwa hiyo walitoa kitu ambacho katika vitabu vyao kilikuwa sifuri. Kwa upande wa Arnaz, hata ukizidisha dola 1,000 kwa wiki 39 za mkataba unapata 39,000, na kwa watu wa kipato chao, kipindi ambacho kodi ya mapato ya Marekani katika daraja la juu kabisa ilifika asilimia 91, sehemu nzuri ya pesa hiyo ingekwenda serikalini. Walitoa kidogo sana. Wakapata negativu, yaani filamu za asili zinazotolewa nakala, za kipindi kilichokuja kufikisha sehemu 180 katika misimu sita.

Nalisisitiza hilo kwa sababu hadithi hii husimuliwa kana kwamba wasanii wawili jasiri walilishinda jitu. Walichofanya ni kuomba haki ambayo siku hiyo aliyekuwa nayo hakuiona, na wakaiomba wakati yeye anahitaji jambo kutoka kwao. Wangeomba miaka mitatu baadaye wasingeipata.

Mtambo wenyewe

Haki bila filamu nzuri haiuziki, kwa hiyo ni vizuri ujue walivyopiga. Kamera moja ya sinema hupiga vipande vipande: unasimamisha, unahamisha taa, unarudia. Ukifanya hivyo mbele ya watu 300 kicheko kinakufa. Arnaz alimwita Karl Freund, mpigapicha Mjerumani aliyeshiriki kupiga Metropolis ya 1927 na kushinda Oscar kwa The Good Earth ya 1937. Al Simon, aliyekuwa ameshafanya kazi ya kupiga kipindi kwa kamera kadhaa za filamu kwa wakati mmoja, akapanga uratibu.

Walikodi ukumbi katika General Service Studios, mtaa wa Las Palmas, wakajenga ngazi za kukalia watu 300, wakaongeza vyoo na mlango wa kutokea barabarani, maana bila hivyo wakaguzi wa usalama wasingeruhusu umma kuingia. Kamera tatu za Mitchell zikawekwa juu ya vigari. Ya katikati ilibeba lenzi ya milimita 40 kwa picha pana, na mbili za pembeni zilibeba lenzi za inchi 3 hadi 4 kwa picha za karibu. Zote zilikimbia kwa pamoja tangu mwanzo hadi mwisho wa onyesho.

Shida ya kwanza ni taa. Taa iliyosimamishwa sakafuni kuipendezesha picha ya karibu itaonekana kwenye picha pana, au itazuia kigari. Freund akazipandisha karibu zote juu ya darini, akamwaga mwanga sawia jukwaa zima, na kuweka taa ndogo chini ya lenzi ya kila kamera ili kuondoa vivuli vya machoni. Matokeo yake ni mwanga bapa kidogo, wenye uzuri mdogo kuliko wa sinema, lakini ukikata kutoka kamera ya kushoto kwenda ya kulia sura haibadiliki weupe. Kuta na vyombo vya jukwaani vilipakwa vivuli vya kijivu, ili mpigapicha ajue hasa kila kitu kitatokaje kwenye filamu nyeusi na nyeupe.

Shida ya pili ni urefu wa filamu. Milimita 35 hukimbia futi 90 kwa dakika. Mkebe wa futi 1,000 kwa hiyo huisha baada ya dakika 11 na kidogo, na kamera tatu kwa pamoja hula futi 270 kila dakika. Kipindi cha nusu saa kinakula futi elfu kadhaa hata kabla hujarudia lolote. Kwa sababu hiyo mwandishi alilazimika kukata onyesho mahali ambapo mkebe unabadilishwa na waigizaji wanabadili nguo. Anayedhani urefu wa onyesho ni suala la usanii tu hajawahi kusikia kamera ikiishiwa filamu katikati ya kichekesho.

Ya tatu ni uhariri. Unapata picha tatu za tukio moja na sauti yake. Dann Cahn, mhariri, alitumia mashine ya Moviola yenye vichwa vinne, vitatu vya picha na kimoja cha sauti, vikikimbia pamoja. Wahariri waliipa jina la dubwana. Alama ya kuanzia ikipishana kwenye kamera moja tu, midomo haiendani na maneno kila unapokata kwenda kwenye kamera hiyo.

I Love Lucy ilianza kurushwa Oktoba 15, 1951. Lucille alipopata ujauzito wa pili, wakarudisha hewani baadhi ya sehemu za msimu wa kwanza ili apumzike, na watu wakazitazama tena. Hapo ndipo gazeti la jana lilipoonekana lina wasomaji. Januari 19, 1953, siku mtoto wa Lucy, mhusika wa Lucille, alipozaliwa kwenye kipindi, inakadiriwa Wamarekani milioni 44 walitazama, kuliko waliotazama rais Eisenhower akiapishwa kesho yake. Mwezi uliofuata mkataba mpya ulikuwa wa dola milioni 8.

Mtambo uleule ukaanza kuhudumia wengine. Desilu ilipiga Our Miss Brooks, December Bride na kipindi cha Danny Thomas. Angalia vizuri, kwa maana mkanganyiko mwingi unaanzia hapa: katika kazi nyingi za aina hii Desilu haikuwa mwenye mali. Ilikuwa fundi na mwenye nyumba. Ililipwa kwa ukumbi, kamera na watu, na marudio yakabaki ya wengine. Orodha ndefu ya vipindi vilivyopigwa Desilu inakufanya udhani ilikuwa na hazina kubwa. Mingi ya mikebe iliyotoka mlangoni haikuwa yake.

Mauzo ya kwanza

Katika kipindi cha 1956–57 Desilu iliiuzia CBS haki zake katika I Love Lucy. Kiasi kinachotajwa ni kati ya dola milioni 4 na 5. Wakati ule zilikuwa pesa nyingi mno, na mwenye kuzitaka alikuwa Arnaz, aliyekuwa na haja ya mahali pa kufanyia kazi. Mwishoni mwa 1957 studio za RKO zikawekwa sokoni na mmiliki wake, kampuni ya matairi ya General Tire, na Desilu ikazinunua kwa takriban dola milioni 6.15: kiwanja cha mtaa wa Gower kilichopakana na Paramount, na cha Culver City ambako ilipigwa Gone with the Wind. Ukijumlisha na kumbi walizokuwa nazo Cahuenga, wakawa na kumbi zaidi ya thelathini za kupigia picha, kuliko studio kubwa ya MGM. Na RKO ndiko wawili hao walikokutana mwaka 1940, Lucille akiwa mwigizaji wa mkataba. Magazeti yalifurahia sana.

Sasa weka namba mbili kando kwa kando. Mwishoni mwa 1955, General Tire iliuza maktaba ya filamu za RKO, zaidi ya 700, kwa kampuni iliyotaka kuzirusha kwenye televisheni. Bei ilikuwa dola milioni 15.2. Miaka miwili baadaye majengo yaliyozizaa filamu hizo, na ardhi yake, yalikwenda kwa milioni 6.15. Soko lilikuwa limeshasema wazi kipi ni ghali. Desilu ikatoa filamu ikachukua majengo.

Si haki kumlaumu Arnaz kwa macho ya leo. Alihofia kwamba umaarufu wa Lucy ungepoa na filamu zingeshuka bei. Alikuwa na mamia ya wafanyakazi, na kumbi za kukodi zilianza kukosekana kwa sababu Hollywood nzima ilikuwa inahamia televisheni. Kwa hesabu ya 1957, kumbi zilikuwa pesa ya uhakika. Lakini CBS ilichukua I Love Lucy ikairudia mchana kwenye mtandao wake wote kuanzia 1959 hadi 1967, kisha ikaanza kuiuza kwa kituo kimoja kimoja, ndani na nje ya Marekani. Miaka sitini baada ya kipindi kuanza, iliripotiwa bado kinaiingizia takriban dola milioni 20 kwa mwaka.

Jengo lina tabia tofauti. Mikebe ya filamu ikikaa ghalani inakudai kodi ya ghala tu. Ukumbi ukikaa mtupu unakudai mlinzi, umeme, bima, paa, kodi ya ardhi, na mafundi ambao ukiwaachia wiki mbili wanakwenda kwa jirani. Ili kuzijaza kumbi zaidi ya thelathini Desilu ilibidi iwe na kazi mpya kila msimu, iwe nzuri au mbaya. Desemba 1958 ikauza hisa kwa umma, dola 10 kwa hisa, katika soko la American Stock Exchange. Tangu siku hiyo ikawa na wenye hisa wa kuwaeleza habari za faida kila mwaka.

The Untouchables, kipindi cha Desilu kilichokuwa hewani kwenye mtandao wa ABC tangu 1959 hadi 1963, kiliwabeba. Ndoa haikubeba. Lucille na Desi waliachana Mei 1960, na Novemba 1962 yeye akanunua hisa za Desi na kuwa mwanamke wa kwanza kuongoza studio kubwa ya televisheni Hollywood. Alichokirithi kilikuwa kiwanja kikubwa chenye kazi chache zake. Msimu wa 1964–65 kipindi pekee hewani ambacho Desilu ilikimiliki kilikuwa The Lucy Show.

Kwenye kipindi hicho kuna uamuzi mdogo ambao naupenda kuliko ununuzi wa RKO. Kuanzia msimu wa pili, 1963, Lucille aliagiza kipigwe kwa rangi. CBS iliendelea kukirusha kwa nyeusi na nyeupe hadi 1965, kwa hiyo kwa miaka miwili Desilu ilikuwa inaingia gharama ya rangi ambayo hakuna mtazamaji wa CBS aliyeiona. Ilikuwa gharama kwa ajili ya marudio ya miaka ijayo. Huyo ndiye mtu aliyekwishaelewa somo la mauzo ya 1957.

Pengo

Ili kuijaza studio, Lucille aliajiri mwaka 1964 mtendaji aitwaye Herbert Solow. Zikatoka kazi tatu: Star Trek kwa NBC na Mission: Impossible kwa CBS, zote Septemba 1966, kisha Mannix mwaka 1967. Ni vipindi ambavyo watu bado wanavitengenezea filamu mpya. Ndivyo pia vilivyoifikisha kampuni sokoni.

Utaratibu ulikuwa huu. Kituo kinalipa ada ya kurusha, kwa kawaida kwa onyesho la kwanza na marudio moja. Ada haifiki gharama. Mzalishaji anaziba pengo kwa fedha zake au za mkopo, na malipo yake ni haki za baadaye. Star Trek ilikuwa na bajeti ya karibu dola 190,000 kwa sehemu katika msimu wa kwanza, na kipindi chake cha kwanza cha majaribio, kilichokataliwa, kilikuwa kimekula zaidi ya dola 600,000 kabla NBC haijaomba kingine. Kila sehemu iliyotoka iliongeza deni. Ukiwa na kipindi kimoja cha aina hiyo na maktaba inayoleta pesa kila mwezi, unasubiri. Desilu ilikuwa na viwili kwa mpigo, cha tatu njiani, na filamu iliyoweza kuwalipia muda wa kusubiri ilikuwa mikononi mwa CBS kwa miaka kumi sasa. Bodi ya kampuni ilipinga vipindi hivyo kwa sababu ya gharama, Lucille akavipitisha. Kwa thamani ya kazi, alikuwa sahihi. Bodi nayo ilikuwa sahihi kuhusu pesa ya mwezi ule.

Mwaka 1967 akaiuza Desilu kwa Gulf+Western, waliokuwa wamenunua Paramount mwaka uliotangulia, kwa takriban dola milioni 17. Ukuta kati ya kiwanja cha Desilu cha Gower na cha Paramount cha Melrose ukakosa maana, na jina likabadilishwa kuwa Paramount Television. Star Trek ikafutwa 1969 ikiwa na sehemu 79. Katika miaka ya 1970 vituo vidogo vikairudia kila jioni na ikawa maarufu kuliko ilivyokuwa mara ya kwanza, kwa faida ya Paramount. Lucille naye akaimaliza The Lucy Show mwaka 1968, maana haikuwa yake tena, na msimu uliofuata akaanza Here's Lucy chini ya kampuni mpya ndogo aliyoimiliki. Hakununua kiwanja. Baada ya kuungana, kuachana na kuungana tena, CBS na Paramount zimekuwa kampuni moja tangu Desemba 2019, kwa hiyo mali zote mbili ambazo Desilu iliziuza kwa nyakati tofauti sasa zina mwenye mmoja.

Kuhusu kituo chenu

Msichague kati ya njia hizo mbili kabla hamjalijua pengo kwa shilingi. Mfano wa hesabu tu: sehemu moja inawagharimu milioni 4, kituo kinatoa 3, nanyi mnapiga sehemu 26. Pengo ni milioni 26. Ikiwa kituo kingine, au mtandao wa kulipia, ungeweza kununua marudio kwa laki 5 kwa sehemu, mauzo moja yanaleta milioni 13. Mnahitaji mauzo mawili ili mrudi sifuri, na la tatu ndilo faida. Swali ni kama mnaweza kulibeba pengo la milioni 26 kwa miaka miwili au mitatu bila kuuza kamera. Kama hamwezi, njia ya pili itawaua kabla haijawalipa, na ni afadhali mbane gharama za sehemu hadi milioni 3.3 kuliko kukopa kwa riba ya kila mwezi.

Kama hata hivyo mtachukua njia ya kwanza, msikubali neno "haki zote" lipite peke yake. Haki ni fungu. Mnaweza kumpa kituo televisheni ya Tanzania kwa miaka mitatu na idadi ya marudio iliyotajwa, mkabaki na Kenya, mtandaoni, ndege na mabasi, na haki ya kutengeneza msimu mwingine kwa wahusika wale wale. Wanasheria wa kituo mara nyingi huandika "milele na dunia nzima" kwa mazoea, hasa kwa vitu ambavyo mkubwa wao hajawahi kuvifikiria. Ombeni hivyo kwanza, na muombe wakati wao ndio wenye haraka ya kujaza ratiba.

Yako mambo yanayoiharibu haki hata ukiwa nayo. Katuni za mwanzo wa I Love Lucy ziliunganishwa na tangazo la Philip Morris. Marudio yalipoanza ikabidi utengenezwe mwanzo mpya, ule wa moyo juu ya kitambaa cha satini ambao watu wengi wanaujua leo. Kwa hiyo nembo ya mdhamini isichomwe ndani ya picha. Hifadhini nakala safi ya kila sehemu isiyo na maandishi, na sauti ikiwa imetenganishwa: mazungumzo kivyake, muziki kivyake, milio kivyake. Bila hivyo hamwezi kumuuzia anayetaka kuweka Kifaransa kwa soko la Kongo. Wimbo wa Bongo Fleva mlioruhusiwa kwa mdomo kuutumia "kwenye kile kipindi" ni mlango uliofungwa siku mnunuzi wa Nairobi atakapoomba karatasi. Waigizaji wote, hadi anayepita nyuma na ndoo, wasaini kwamba kazi inaweza kurushwa tena na kuuzwa kwingine, na iandikwe watapata nini ikirudiwa. Sajilini maandiko na kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kwa jina la kampuni, kisha kampuni na mwandishi wawe na mkataba wa mgao. Oppenheimer alilipa dola 1 kwa usajili na asilimia 20 zake hazikuwa za kukumbushana.

Ninyi ni mke na mume, kwa hiyo niongeze hili, dada yangu, bila kuwatabiria baya. Andikeni sasa kwamba mmoja akitaka kutoka, mwenzake ndiye mwenye haki ya kwanza kununua hisa, na bei itapatikanaje. Lucille aliweza kuinunua sehemu ya Desi mwaka 1962 kwa sababu hisa zilikuwa na idadi na bei inayojulikana sokoni. Kampuni ya watu wawili isiyo na hisa zilizoandikwa ikigawanyika, negativu haigawanyiki katikati, na hakuna kituo kitakachonunua marudio kutoka kwa upande mmoja huku mwingine akitishia kwenda mahakamani.

Na diski ya asili msimpe mtu. Kituo kinapelekewa nakala ya kurushia. Ya asili inakaa kwenu, na nyingine ya pili inakaa nyumba tofauti, iwashwe walau mara moja kwa mwaka kuhakikisha inafunguka.